Fumbo la Mia Mbili na Saba

Kitabu kilinifikia hakina mgongo,
kurasa za majibu zimeliwa na mchwa
mpaka kwenye jalada.
Chikoti alikinunua stendi ya Masasi kwa mia tano,
akaniletea Newala kama mtu aletaye papai:
"Shangazi, wewe si unapenda hesabu?"

Kete nikatengeneza kwa vizibo vya soda,
vyekundu vyangu, vya buluu vya adui,
herufi juu kwa kalamu ya kuandikia magunia.
Farasi wangu mmoja alipotea msimu uleule;
nafasi yake ikashikwa na korosho yenye ganda,
na kusema kweli
ilifanana na farasi kuliko kizibo.

Miezi ya mwanzo nilikuwa mwepesi wa mkono.
Nikiona malkia yu wazi, namla.
Nikiona upenyo wa shaha, napiga shaha,
shaha, shaha, kama mtoto aliyepewa kengele,
na mfalme wa watu anatembea zake,
hatua moja, hatua moja,
anatoka uani, anakwenda sokoni.
Naandika "nimepata" daftarini.
Nani wa kunikosoa? Mchwa?

Ghalani kwetu hakuna anayepanga daraja kwa macho.
Gunia linachomwa bambo,
korosho zinamwagika kiganjani,
tunapasua mojamoja
ndipo kalamu inasogea.
Ganda hung'aa hata juu ya punje iliyooza.
Nalijua hilo mwaka wa kumi na tisa sasa,
nimewakatalia nalo watu mzigo wao,
mmoja wao kaka yangu wa tumbo moja.
Usiku, mezani kwangu, sikulijua.

Ilikuwa fumbo la sitini na moja.
Maji ya bomba siku ya tisa hayajaja,
ndoo zimepanga foleni nje zenyewe, bila watu.
Hasira ya kungoja ndiyo iliyoninyanyua:
nikazunguka meza,
nikakalia kigoda cha upande wa pili,
nikawa yeye.
Na yeye, jamani, hakuwa mjinga.
Alikuwa na jibu kwa kila ujanja wangu,
jibu dogo, la askari mmoja kusogea,
ambalo mimi, kule ng'ambo,
sikuwa nimempa ruhusa ya kuliwaza.

Tangu hapo nazunguka.
Nasogeza, nazunguka, najikatalia,
narudi. Goti la kushoto linalalamika.
Mafumbo kumi kwa usiku yakawa mawili,
mara nyingine nusu.
Daftari likaanza kujaa neno "bado".

Kisha usiku mmoja sikuzunguka. Niliona tu:
mfalme kajibanza kwenye kona,
malkia wangu anajitupa ubavuni mwake,
mfalme hawezi kumgusa, farasi anamlinda,
basi ngome yake mwenyewe haina budi kummeza,
na ile korosho yangu inaruka.
Shahamati.
Kafa kwa kusongwa na walinzi wake.
Nilicheka peke yangu
hadi Bi Somoe akagonga ukuta: kuna nini huko?
Nikamwambia nimeua mtu.
Akasema, "Haya, ukimaliza zima taa."

Sidai nimekuwa bingwa.
Juzi nilirudia la kumi na nne, la watoto,
nikalikosa, nikaenda kulala bila kula.
Ila mkono umejifunza kukaa mapajani
wakati jicho linafanya kazi.
Hata kwenye mizani wenzangu wamegundua,
wananiita Mama Subiri Kwanza,
na sijui kama ni sifa.

Wiki hii Chikoti karudi na simu.
Kuna mwalimu Nachingwea ana kitabu kizima,
kampigia picha kurasa zote za majibu.
"Hili hapa la mia mbili na saba, shangazi,
lililokutesa tangu Mfungo Mosi."
Nimemwambia ailaze simu kifudifudi
juu ya gunia, pale, mbali na taa.

Bado sijakaa upande wa buluu.